Besi ya jirani inapovuka ukuta usiku wa manane

"Mtaalamu, ninaishi na mume wangu na binti yetu wa miaka tisa kwenye ghorofa ya pili ya jengo la kupangisha huko Umoja, Nairobi. Miezi mitano iliyopita, nyumba tunayopakana nayo ilichukuliwa na kijana anayeishi peke yake. Kuanzia Jumatano hadi Jumapili hufungulia muziki mwendo wa saa nne usiku na kuuzima saa saba au saa nane. Maneno ya nyimbo siyapati vizuri, lakini ule mdundo huingia hadi kwenye mto. Nimegonga ukuta, nimemlalamikia msimamizi wa jengo, na usiku mmoja nilimfokea kijana huyo kwenye ngazi. Akanijibu kwamba analipa kodi kama mimi na kwamba sheria inaruhusu muziki hadi saa sita. Nimenunua sponji na kubandika trei za mayai kwenye ukuta mzima wa chumba cha kulala, bila mafanikio. Programu ya simu inaniambia kelele ni desibeli 38 tu. Mume wangu hulala fofofo na kuniambia nitazoea. Mimi huamka saa kumi na nusu kwenda kazini, na siku hizi nameza Piriton ili nilale. Hata Jumatatu, kukiwa kimya, hukaa macho nikisubiri mdundo uanze. Je, masikio yangu yana kasoro? Au nihame tu?"

Dada yangu, masikio yako ni mazima. Barua yako inanionyesha mambo matatu yaliyofungamana: sauti inayopita ukutani, usingizi ambao sasa umejifunza kukesha kabla hata ya kelele kuanza, na ujirani ulioharibika siku ile mlipofokeana ngazini. Nitaanza na ukuta kwa sababu ndio unaoamua mengine yote, na nitasema mapema kwamba sauti ya aina hii huwezi kuizuia ukiwa upande wako. Dawa yake imo nyumbani kwa yule kijana, na kwa hiyo, upende usipende, utamhitaji.

Sauti huingia nyumbani kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hewa: maneno, vicheko, filimbi na sauti nyembamba za muziki hupita penye upenyo, na nyumba nyingi za Nairobi zina upenyo mwingi, yakiwemo matundu ya hewa yaliyojengwa juu ya madirisha, vioo vyembamba kwenye fremu za chuma ambazo hazifungi sawasawa, na pengo chini ya mlango. Njia ya pili ni jengo lenyewe. Wufa, yaani spika kubwa ya besi, iliyokalishwa sakafuni hutikisa zege, zege hutikisa ukuta, na ukuta wako hugeuka kuwa spika nyingine, kama vile mtu akitwanga kinu kwenye ghorofa ya juu walio chini huyasikia mapigo miguuni kabla ya kujua kinachotwangwa. Mdundo mzito wa takriban hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, una wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, yaani pengine refu kuliko chumba chako cha kulala. Wimbi la namna hiyo halisumbuliwi na ukuta wa mawe wa inchi sita.

Ndiyo maana trei za mayai hazikukusaidia, na wala hazijapata kumsaidia mtu yeyote kwa jambo hili, ingawa ushauri huo unazunguka kila mahali. Trei ni karatasi nyepesi, haizuii kitu. Sponji nayo ina kazi yake, lakini kazi hiyo ni kupunguza mwangwi ndani ya chumba ilimobandikwa, ndiyo sababu huiona kwenye studio za kurekodi. Ili sponji imeze mdundo wa hezi 50 ingehitaji unene unaozidi mita moja na nusu, na hapo ungebaki bila mahali pa kuweka kitanda. Sauti huzuiwa na uzito: kwa makadirio, ukuta ukizidishwa uzito mara mbili, kinachopita hupungua kwa desibeli tano au sita hivi. Wapo mafundi wanaoweza kukujengea ukuta wa pili wa jipsamu wenye nafasi katikati na pamba maalumu ndani yake, lakini ni gharama kubwa kwa nyumba ya kupanga, na mdundo bado utazunguka kupitia sakafu na dari. Usitumie shilingi nyingine kwenye ukuta huo. Zing'oe trei hizo pia, kwa maana hukusanya vumbi na hushika moto upesi.

Unaweza kuhakikisha ninayosema usiku mmoja tu muziki ukiwa unalia. Weka kiganja ukutani, kisha sakafuni, kisha kwenye ubao wa kitanda. Kisha sogeza sikio karibu na matundu ya hewa na kwenye kona ya dirisha. Ikiwa kiganja kinahisi mtetemo na sikio halipati maneno, sauti inakuja kupitia jengo. Ikiwa maneno yanasikika wazi dirishani, sehemu kubwa inapita hewani, na hapo kuziba mapengo kwa silikoni au ukanda wa mpira kunalipa. Kwa maelezo yako, nina hakika utahisi zaidi kwa kiganja.

Sasa hizo desibeli 38 ulizoziita "tu". Programu nyingi za simu, sawa na vipimo vinavyotumika kisheria, hupima kwa mizani inayoiga sikio la mtu katika sauti za kawaida, na mizani hiyo huikata besi kwa kiasi kikubwa. Kwenye hezi 50 hukata karibu desibeli 30. Kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kinatikisika na kipimo kikaonyesha nambari ya kupendeza. Maikrofoni ya simu nayo imetengenezwa kwa mazungumzo, haina uaminifu mkubwa kwa besi. Hata hivyo, nambari hiyo hiyo unayoidharau iko juu ya kiwango cha Kenya cha usiku kwa makazi, ambacho ni desibeli 35. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala kwa kelele ya mfululizo. Simu yako si ushahidi wa mahakamani, lakini isikufanye ujione mtu wa kulalamikalalamika.

Kuhusu mume wako, tusimlaumu. Watu hutofautiana sana katika wepesi wa kuamshwa na kelele, na tofauti hiyo ni ya kimaumbile. Anachokosea ni hilo neno "utazoea". Ubongo huzoea kwa sehemu: baada ya wiki kadhaa mtu anaweza kuacha kuamka kabisa kila lori linapopita. Mwili wenyewe hauzoei kwa kiwango hicho. Tafiti za watu waliolala huku wakipimwa zimeonyesha kwamba kelele hupandisha mapigo ya moyo na kuchochea homoni za mfadhaiko hata pale aliyelala hakumbuki chochote asubuhi, na kelele za usiku za miaka mingi zimehusishwa na shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Tena saa zako ni mbaya. Usingizi mzito kabisa, ule unaomrudishia mtu nguvu, hujazana katika theluthi ya kwanza ya usiku. Mtu anayeamka saa kumi na nusu na kusumbuliwa kuanzia saa nne hadi saa nane anaporwa sehemu hiyo hiyo, na kinachobaki ni makombo.

Piriton naomba uiache. Ni dawa ya mzio ambayo husinzisha kama athari ya pembeni. Ukiimeza mfululizo, kule kusinzia hupungua baada ya siku chache ilhali uzito wa kichwa wa asubuhi hubaki, na wewe unatoka nyumbani gizani kwenda kupanda matatu na kuanza kazi. Usimpe kabisa binti yako kwa ajili ya usingizi. Dawa zenye nguvu zaidi za kulaza, zile zinazohitaji cheti cha daktari, zina hatari ya uraibu na hazifai kutumiwa kunyamazishia wufa ya mtu mwingine.

Jambo linalonisumbua zaidi katika barua yako ni Jumatatu. Kukaa macho usiku ulio kimya ukisubiri mdundo kunaonyesha kwamba kitanda chako kimekuwa mahali pa ulinzi. Ubongo umejifunza kwamba kulala hapo ni kungoja shari, na hasira ya "ameanza tena" humwaga adrenalini kwa wingi hata kelele yenyewe ikiwa ndogo. Tena inajulikana kwamba kelele mtu asiyoweza kuidhibiti humchosha kuliko kelele ya kiwango hicho hicho ambayo aliarifiwa mapema au anajua itakoma lini. Hali hii hutibika. Amka saa ile ile kila siku, hata siku za mapumziko. Nenda kitandani ukiwa na usingizi, na ukikaa macho kwa muda unaokadiria kuwa dakika 20, usibaki hapo ukigaagaa. Ondoka, keti sebuleni kwenye mwanga hafifu, fanya jambo lisilochangamsha, urudi macho yakiwa mazito. Simu iache mbali. Chai ya majani iwe ya mwisho adhuhuri. Ukipata nafasi ya kujinyoosha dakika 20 kabla ya saa tisa alasiri, jinyooshe bila kujihisi mvivu.

Upande wako wa ukuta bado kuna machache ya kufanya, na sitayakuza. Ondoa kitanda kwenye ukuta mnaopakana. Besi hujikusanya kando ya kuta na hasa kwenye kona, na ubao wa kitanda unaogusa ukuta hukuletea mtetemo moja kwa moja kichwani. Ukiweza kuhamia chumba cha upande mwingine kwa siku hizo tano za wiki, hama. Feni inayozunguka polepole, au sauti ya mvua kutoka kwenye redio kwa kiwango cha chini, hufunika sauti nyembamba na kulainisha ule mpishano wa kimya na kishindo unaoamsha watu, ila mdundo mzito hautafunikwa. Vizibo vya masikio vya sponji laini, vinavyopatikana kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi, husaidia iwapo vimevaliwa vizuri: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, kiingize, kishikilie hadi kifutuke. Wengi hukiweka mlangoni mwa sikio na kusema hakifanyi kazi. Kwa kuwa mume wako hulala fofofo wala haamshwi na kelele, kubalianeni nani ana zamu ya kumsikiliza mtoto usiku unapovivaa.

Sasa turudi kwa kijana. Sababu ya mimi kusema unamhitaji ni kwamba mambo manne madogo yaliyo mikononi mwake yatafanya kazi kuliko yote uliyoyanunua: kuiondoa wufa kwenye ukuta mnaopakana, kuitoa kwenye kona, kuiinua kutoka sakafuni na kuiweka juu ya mpira mnene au godoro dogo la sponji (hapa ndipo sponji yako ingefaa), na kuteremsha kitufe cha besi bila hata kugusa kile cha sauti. Yeye atabaki na muziki wake. Wewe utaondokewa na sehemu kubwa ya mtetemo. Aidha, kuna uwezekano mkubwa kwamba hajui anachokufanyia. Anayekaa mbele ya spika husikia wimbo mzima. Kinachovuka ukuta ni besi peke yake, na hiyo hajawahi kuisikia jinsi unavyoisikia wewe.

Kwa hiyo usiende usiku, usiende ukiwa umekasirika, na usiende ukiwa na msimamizi wa jengo nyuma yako. Nenda Jumamosi mchana na mume wako, pigeni hodi, na muanze na lile la ngazini: "Jirani, siku ile nilikufokea, na haikuwa namna nzuri ya kujuana. Mimi huamka saa kumi na nusu kwenda kazini. Sina tatizo na muziki wako, ila kuna mdundo unaofika hadi kitandani kwangu, na nadhani wewe huusikii. Ungekubali kuja kwetu dakika mbili, muziki ukiwa unaendelea huko kwako?" Mwalike aje asikilize akiwa chumbani kwako, mume wako akiwepo. Mara nyingi uso wa mtu hubadilika hapo hapo bila hotuba. Kisha rudini kwake, mmoja abaki akisikiliza upande wenu huku mwingine akiteremsha kitufe hadi mdundo ukome kusikika, na mahali hapo patiwe alama kwa tone la rangi ya kucha. Alama kwenye kitufe haibishaniwi. "Punguza kidogo" hubishaniwa kila usiku. Mpe na yeye kitu: kwa mfano, Jumamosi asibanwe na alama hiyo hadi saa nne na nusu usiku, na siku atakapokuwa na wageni akutumie ujumbe mapema nawe umpangie mtoto alale chumba cha mbali. Bila shaka unatoa zaidi ya sheria inavyokudai, lakini atakayelazimishwa kwa sheria atatafuta njia ya kukukomoa.

Na sheria yenyewe inasemaje? Yale madai kwamba muziki unaruhusiwa hadi saa sita hayana msingi. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo iliyokithiri za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, zinahesabu usiku kuanzia saa 2:01 jioni hadi saa 12:00 asubuhi, na kiwango cha makazi kwa muda huo ni hizo desibeli 35. Kusema kweli, kwenye mitaa iliyo karibu na barabara kubwa kiwango hicho huvukwa na magari pekee, na ndiyo maana nambari haitoshi. Kanuni hizo pia zinakataza kelele isiyo ya lazima inayosumbua starehe na mapumziko ya wengine, na katika kupima kama kelele ni ya namna hiyo huangaliwa wakati wa siku, ukaribu wa makazi, kama inajirudia, kama imekuzwa kwa mitambo, na kama mwenye kuipiga angeweza kuidhibiti bila taabu wala gharama kubwa. Hicho kigezo cha mwisho ndicho kinachokupa nguvu: kusogeza wufa hakugharimu kitu. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. (Kanuni ni zile zile kama jirani ni kanisa linalofanya kesha kwenye ghorofa ya chini, jambo ambalo watu huliogopa kulitaja.)

Mazungumzo yakishindikana mara mbili, anza kuweka daftari: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kukoma, aina ya sauti, nani mwingine aliisikia. Waulize wa ghorofa ya juu na ya chini. Lalamiko la nyumba tatu huwa na uzito ambao la nyumba moja halina. Soma mkataba wako wa kupanga, kwa kuwa mingi ina kipengele cha kutosumbua wapangaji wengine, kisha mwandikie mwenye nyumba barua badala ya kumwambia msimamizi kwa mdomo. Yakishindikana hayo, mzee wa Nyumba Kumi (ule mpango wa usalama wa ujirani) na ofisi ya chifu wamesuluhisha mengi ya aina hii kuliko mahakama. Udhibiti wa kelele na kero kwa umma ni kazi iliyokabidhiwa kaunti na Katiba, hivyo malalamiko rasmi ya makazi yapeleke kwa maafisa wa mazingira wa Kaunti ya Jiji la Nairobi. Polisi unaweza kuwaita, nao ukiandikisha ripoti omba namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, lakini fahamu kwamba mara nyingi utapata usiku mbili za kimya na miezi ya uadui. Waite bila kusita kukiwa na vitisho. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo, ila ni njia ndefu kwa ajili ya wufa moja.

Usimfungulie redio yako alfajiri kwa kisasi, na usiende kumzimia umeme kwenye mita, jambo ambalo najua hufanyika sana kwenye majengo yetu. Kesho ataweka kufuli, keshokutwa atazima wako, na kama kuna mtu anayetegemea mashine ya oksijeni au friji ya insulini kwenye swichi uliyoikosea, utakuwa na kesi ya aina nyingine. Na kelele ikibadilika siku moja ikawa ya kipigo au kilio cha kuomba msaada, usizibe masikio. Piga 999 au 112, au 1195 kwa dhuluma za kijinsia, na 116 ikiwa ni mtoto.

Muone daktari ana kwa ana ikiwa usingizi utaendelea kukukimbia usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu hata baada ya kelele kupungua, na kwa hesabu yako hauko mbali na hapo. Nenda mapema zaidi ukisinzia kazini au barabarani, ukipimwa presha ikawa juu, moyo ukienda mbio bila sababu, au huzuni ikikulemea kiasi cha kuona maisha hayana maana. Hilo la mwisho halisubiri hata siku moja. Ukianza kusikia mvumo ambao mume wako na binti yako hawausikii, au sauti za kawaida za vyombo zikianza kukuumiza, omba rufaa kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Mwambie daktari habari za kelele waziwazi. Wengi huzificha wakidhani ni umbea wa majirani, wakaishia kuandikiwa vidonge tu.

Kuhama ni uamuzi wa heshima, lakini ni ghali, ukihesabu amana, gari la mizigo na shule ya mtoto, na nisingekushauri uufanye kabla ya Jumamosi moja ya kupiga hodi. Ukiufikia, usikague nyumba mpya saa sita mchana. Rudi Ijumaa saa tatu usiku, simama katika chumba cha kulala taa zikiwa zimezimwa, gonga kuta zinazopakana usikie kama zinajibu kwa uzito au kwa utupu, uliza nani anaishi juu, na kabla ya kulipa amana, angalia ghorofa ya chini kama kuna baa, kanisa au posho mili.